Msaada: vilele vya R na S vya prazikwanteli havitengani hadi chini, na maeneo hayatoki nusu kwa nusu

Kipimo_Sahihi aliandika:

Wakuu, habari za kazi. Naomba jicho la pili hapa.

Tunatenganisha enantioma mbili za prazikwanteli (dawa ya kichocho), R na S, yaani molekuli zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, kwa kromatografia ya kimiminika. Tumeanza na vidonge vya kawaida vya kichocho, vya miligramu 600, kwa sababu ndani yake R na S ni nusu kwa nusu, kwa hiyo jibu linajulikana kabla ya kupima. Lengo hasa ni malighafi inayotarajiwa, inayodaiwa kuwa R tupu kwa dawa ya watoto. Tunatakiwa kuonyesha kwamba S iliyobaki ndani yake haizidi asilimia 1.

Hali ilivyo:

Kolamu, yaani mrija wa kutenganishia, ni Chiralcel OD-H, 250 × 4.6 mm, chembe za 5 µm. Si mpya, ilishatumika kwa dawa nyingine kabla. Awamu tembezi, yaani kiyeyushi kinachopita ndani yake, ni n-heksani na isopropanoli 80:20, inachanganywa asubuhi kwenye chupa moja, mdomo unafunikwa kwa foili. Mwendo 1.0 mL kwa dakika, kolamu iko kwenye joto la chumba, mwanga 220 nm. Unga wa vidonge nauyeyusha kwenye methanoli hadi 1 mg/mL ya dawa, nachuja kwa 0.45 µm, nadunga 20 µL. Mashine yenyewe siku zote inafanya kazi za kolamu za C18 na bafa ya fosfeti, yaani maji yenye chumvi. Kabla ya kufunga kolamu hii niliisafisha kwa isopropanoli kama dakika 20.

Matokeo: vilele viwili, dakika 8.4 na 9.6, upana katika nusu ya kimo ni dakika 0.62 na 0.71. Kati yao bonde halishuki hadi mstari wa msingi. Kilele cha kwanza kina bega upande wa mbele. Maeneo yanatoka 46.2 kwa 53.8. Halafu kadiri siku inavyokwenda, muda wa kutoka unapungua (8.4 ya asubuhi inakuwa 7.9 jioni) na shinikizo linapanda kutoka bar 38 hadi 61.

Je, kolamu imekufa? Au prazikwanteli inataka kolamu nyingine kabisa? Na nitajuaje kilele kipi ni R?

---

Bi Kromato alijibu:

Asante kwa kuweka namba zote, mkuu. Ukizifuata zenyewe zinakuambia ugonjwa uko wapi, na sidhani kama uko kwenye uchaguzi wa kolamu.

Anza na muda tupu, yaani muda wa kitu kisichoshikwa kabisa. Mrija wa 250 × 4.6 mm una ujazo wa karibu 4.15 mL, na takriban asilimia 70 yake ni nafasi ya kiyeyushi. Hiyo ni 2.9 mL, kwa hiyo kwa mwendo wako ni dakika 2.9. Ukitaka kuupima badala ya kukadiria, dunga 1,3,5-tri-tert-butilibenzeni, inapita bila kushikwa.

Sasa kushikwa kwa kilele cha kwanza: (8.4 − 2.9) ÷ 2.9 = 1.90. Cha pili: (9.6 − 2.9) ÷ 2.9 = 2.31. Gawanya cha pili kwa cha kwanza unapata uteuzi wa 1.22. Hiyo ni namba nzuri. Maana yake awamu tulivu (kilichojazwa ndani ya kolamu) inazitambua R na S na kuzishika kwa nguvu tofauti kama inavyotakiwa.

Utengano: 1.18 × (9.6 − 8.4) ÷ (0.62 + 0.71) = 1.06. Duni, tunahitaji angalau 1.5 ili vilele viachane hadi chini, na kwa kazi yako ya asilimia 1 ningetaka zaidi ya 2.

Idadi ya sahani, yaani kipimo cha jinsi kolamu inavyotoa vilele vyembamba: 5.54 × (8.4 ÷ 0.62)² = karibu 1,000. Hapa ndipo penye tatizo. Kolamu ya sentimita 25 yenye chembe za 5 µm inatakiwa itoe maelfu kadhaa. Hebu chukua muda uleule wa kutoka, weka sahani 6,000, upana unashuka hadi 0.26 na 0.29, na utengano unaruka hadi karibu 2.6. Hakuna kilichobadilika kwenye kemia ya kutenganisha. Kwa hiyo usinunue kolamu nyingine kabla hujajua nani anakupanulia vilele.

Mshukiwa wangu wa kwanza ni methanoli ya sampuli. Katika kazi ya heksani, methanoli ni kiyeyushi chenye nguvu mno, tena haichanganyiki vizuri na heksani. Isopropanoli iliyomo inapatanisha kiasi, lakini ukidunga 20 µL za methanoli tupu, dawa inasafiri ndani ya tone lile bila kushikwa, sehemu nyingine inaachwa nyuma, na ndipo unapopata lile bega la mbele. Asetonitrili ingekufanyia hivyohivyo.

Mshukiwa wa pili ni povidoni, na huyu nadhani ndiye anayekupandishia shinikizo. Vidonge vingi vya prazikwanteli vina povidoni kama gundi. Inayeyuka vizuri kwenye methanoli, ethanoli na hata isopropanoli, inapita kwenye chujio lako bila shida, halafu ikikutana na heksani kwenye kichwa cha kolamu inaganda palepale. Kila unapodunga unaongeza tabaka.

Andaa sampuli hivi. Ponda vidonge 20, pima unga wenye miligramu 50 za prazikwanteli, weka kwenye chupa ya ujazo ya 25 mL. Ongeza kama 20 mL za isopropanoli, weka kwenye bafu la mawimbi ya sauti dakika 15, acha ipoe, jaza hadi alama. Una 2 mg/mL. Acha masalia yatulie, chukua 5 mL za juu, peleka kwenye chupa ya 50 mL na ujaze kwa awamu tembezi yenyewe. Itafanya ukungu: hiyo ndiyo povidoni inaganda, na unataka igande hapo badala ya kugandia ndani ya kolamu. Iache nusu saa, kisha chuja kwa chujio la PTFE la 0.45 µm, mwaga 2 mL za kwanza. Una 0.2 mg/mL. Dunga 10 µL.

Kuhusu 46 kwa 54: R na S zinanyonya mwanga sawasawa kabisa, kigunduzi cha kawaida hakiwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo kama mchanganyiko ni nusu kwa nusu na maeneo si sawa, kosa liko kwenye kupima maeneo au kuna kitu kingine kimejificha chini ya kilele kimoja. Kwako programu inashusha mstari wima kutoka kwenye bonde, na mkia wa kilele cha kwanza unahesabiwa kwa cha pili. Ndiyo maana cha pili kinanenepa. Usirekebishe hilo kwa kuchezea mipangilio ya programu. Tenganisha kwanza, nusu kwa nusu itakuja yenyewe. Na mara moja jaribu prazikwanteli safi isiyo kidonge: kama hiyo inatoa 50 kwa 50 na kidonge hakitoi, basi kuna kitu cha kidonge kinachotoka pamoja na kilele kimojawapo.

---

FundiPampu alijibu:

Naongezea upande wa mashine, maana dakika 20 za isopropanoli kwenye mashine ya bafa ya fosfeti zinanitia wasiwasi kuliko povidoni.

Fosfeti haiyeyuki kwenye isopropanoli. Ukitoka kwenye bafa ukaingia moja kwa moja kwenye alkoholi, chumvi inaganda kwenye vali, kwenye sili za pampu na kwenye mirija, halafu inasukumwa polepole hadi kwenye kolamu. Na maji yaliyobaki kwenye pembe za mashine hayachanganyiki na heksani, yanatoka kwa matone na kuvuruga muda wa kutoka kwa siku nzima.

Rudi mwanzo. Toa kolamu, weka kiunganishi mahali pake. Pitisha maji safi 1 mL kwa dakika kwa dakika 30 kwenye kila njia, hata zile usizotumia, kwa sababu vali ya kuchanganyia inazigusa zote. Kisha isopropanoli, 0.5 mL kwa dakika, saa nzima. Isopropanoli ni nzito, mnato wake ni mara kadhaa ya ule wa heksani, kwa hiyo usikimbilie kuongeza mwendo. Wakati inapita, dunga isopropanoli tupu mara tano kwa ujazo mkubwa kabisa ambao kidungio kinaruhusu, ili kitanzi na sindano navyo visafishike. Badilisha chupa ya kuoshea sindano na ile ya kuoshea nyuma ya sili, zote ziwe isopropanoli. Hizo mbili watu huzisahau, na kila unapodunga zinakuletea maji mapya. Mwisho pitisha awamu tembezi yako dakika 30, ndipo ufunge kolamu.

Kabla ya kuifunga soma shinikizo la mashine bila kolamu. Kama hata hivyo liko juu, kizuizi kiko kwenye mirija au kwenye kichujio cha pampu, kolamu haina hatia. Ukifunga kolamu, panda taratibu: 0.2 mL kwa dakika, kisha 0.5, kisha 1.0. Chembe hizi zimepakwa polima juu ya silika, hazipendi kushtuliwa na shinikizo. Kikomo kimeandikwa kwenye kikaratasi kilichokuja na kolamu, kifuate hicho badala ya kikomo cha pampu.

Sili: zile za kawaida za kazi ya maji zikikaa kwenye heksani muda mrefu huchakaa na kumwaga vumbi kwenye mfumo. Kuna za polyethilini kwa ajili ya kazi ya heksani. Kama mashine itabaki kwenye kazi hii kwa wiki, zibadilishe.

Muda wa kutoka unaopungua: foili si kifuniko. Heksani inachemka nyuzi 69, isopropanoli nyuzi 82, na chumba chenye joto kinaifanya heksani iondoke kwanza. Isopropanoli inayobaki inakuwa nyingi kwa uwiano, awamu tembezi inapata nguvu, dawa inatoka mapema. Weka kifuniko chenye tundu la mrija na tundu dogo la hewa. Ukiondoa hewa kwa kupuliza heliamu, fanya dakika chache tu, ukiiacha ipulize siku nzima inabeba heksani. Na pima kila kiyeyushi kwa silinda yake kabla ya kuchanganya. Ukiweka isopropanoli kisha ukajaza heksani hadi alama unapata mchanganyiko tofauti, na mwenzako wa zamu ya pili hataweza kuurudia.

Weka kolamu kwenye oveni yake, nyuzi 25. Joto la chumba linalopanda kutoka 24 asubuhi hadi 31 mchana linatosha kukusogezea vilele hata kama chupa imefungwa vizuri.

---

Mkemia wa Ziwa alijibu:

Nakubaliana na waliotangulia. Pendekezo langu ni fupi: kama bajeti ipo, hamia kwenye kolamu ambayo polima yake imefungwa kwa kemia kwenye silika badala ya kupakwa tu. Chiralpak IB ina selulosi ileile ya OD-H, na inavumilia viyeyushi vyote. OD-H ya kupakwa ikiguswa na asetoni, dikloromethani, tetrahidrofurani au ethili aseteti, hata mabaki yaliyosahaulika kwenye kitanzi, polima inayeyuka au kuvimba na kolamu hairudi tena. Kwenye maabara inayotumiwa na watu wengi hilo ni suala la muda tu.

La pili, jaribu ethanoli badala ya isopropanoli, 85:15. Mnato wake ni mdogo, vilele mara nyingi vinakuwa vyembamba.

---

Bi Kromato alijibu:

Ushauri mzuri, mkuu, ila niweke tahadhari mbili ili Kipimo_Sahihi asije akapotea.

OD-H na IB zina polima ileile kwa jina, lakini kuifunga kwenye silika kunabadilisha mkao wake. Uteuzi unaweza kuwa tofauti, mara nyingine mdogo zaidi. Njia iliyothibitishwa kwenye moja haihamii kwenye nyingine bila kuthibitishwa upya.

Na ethanoli si isopropanoli nyembamba. Alkoholi inaingia kwenye mifereji ya polima na kubadilisha umbo la sehemu zinazoshika dawa. Kuna dawa ambazo mpangilio wa kutoka unageuka kwa kubadilisha alkoholi tu: iliyotangulia inakuwa ya mwisho. Vivyo hivyo ukitoka kwenye kolamu ya selulosi kwenda kwenye ya amilosi. Kwa mtu ambaye bado hajui kilele kipi ni R, hiyo ni hatari ya kweli. Kubadilisha inaruhusiwa, lakini kila mabadiliko yanadai utambulisho mpya wa vilele. Na ethanoli iwe ile isiyo na maji, isiyotiwa sumu. Ile iliyotiwa sumu inaweza kuwa na asetoni au ketoni nyingine ndani. Isopropanoli ya kusafishia mikono nayo isiingie kwenye mashine hii hata kidogo.

Kuna jambo nimesahau mwanzoni: umesema kolamu ilishatumika kwa dawa nyingine. Dawa gani? Kama zilikuwa za kibesi, huenda waliweka daiethilamini asilimia 0.1. Kama zilikuwa za kiasidi, asidi ya trifluoroasetiki. Prazikwanteli haina besi wala asidi ya kuzungumzia, amidi zake mbili hazichaji, kwa hiyo yenyewe haihitaji kiongezi chochote. Lakini silika na polima huvikumbuka viongezi hivyo kwa muda mrefu baada ya kuacha kuviweka, na muda wa kutoka unahamahama polepole kadiri mabaki yanavyosafishika. Osha kwa isopropanoli tupu, 0.2 mL kwa dakika, usiku kucha. Na siku zijazo kolamu moja iwe ya kazi za asidi, nyingine ya kazi za besi, zisichanganywe.

Baada ya hapo ipime kolamu yenyewe kabla ya kurudi kwenye dawa. Dunga trans-stilbeni oksaidi, kitu cha kupimia kolamu, kwa masharti yaliyoandikwa kwenye cheti cha kolamu, linganisha idadi ya sahani na uteuzi. Zikikaribiana na cheti, kolamu ni nzima, na mjadala wa kununua nyingine unafungwa.

---

Kipimo_Sahihi aliandika:

Wakuu, nimefanya yote kwa mpangilio mliotoa. Shinikizo bila kolamu lilikuwa bar 19 kabla ya kuosha kwa maji, baada ya maji na isopropanoli likawa bar 6. Kwa hiyo chumvi ilikuwepo kweli. Daftari la kolamu linaonyesha ilitumika kwa propranololi yenye daiethilamini, nikaiosha usiku kucha. Trans-stilbeni oksaidi imetoa uteuzi uleule wa cheti, sahani zimepungua kama asilimia 15.

Sampuli nimeandaa kama Bi Kromato alivyosema, na ukungu umetokea kweli baada ya kuongeza awamu tembezi. Masharti ni yaleyale 80:20, 1.0 mL, sasa oveni iko nyuzi 25, 220 nm. Vilele: dakika 8.6 na 9.9, upana 0.28 na 0.33. Utengano unatoka 2.5, sahani zaidi ya 5,000. Maeneo 49.9 kwa 50.1. Shinikizo bar 36 asubuhi, bar 36 jioni baada ya kudunga mara 30.

Nimebaki na mawili: kilele kipi ni R, na hiyo asilimia 1 ya S.

---

Mkemia wa Ziwa alijibu:

Hongera. Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, na hii inastahili uangalifu kuliko yote, kwa sababu hapa hata kosa dogo la jina linageuza maana ya dawa. R ndiyo inayoua minyoo ya kichocho. S haifanyi kazi hiyo, ila ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya ule uchungu unaowafanya watoto wateme dawa, na inaongeza ukubwa wa kidonge bure. Ndiyo maana ya arprazikwanteli, R peke yake kwenye kidonge cha miligramu 150 kinachoyeyuka kwenye maji, kwa watoto wa miezi 3 hadi miaka 6. Majaribio yake ya awamu ya tatu yalifanyika Kenya na Côte d'Ivoire, na mwishoni mwa 2023 wakala wa dawa wa Ulaya ukatoa maoni ya kuikubali. Ukichanganya vilele, utapitisha malighafi isiyotibu.

Utambulisho. Usitegemee mpangilio wa kutoka ulioandikwa na mtu mwingine, hata kama kolamu ina jina hilohilo. Nunua miligramu 10 za R ya rejea yenye cheti. Dunga rasemati (mchanganyiko wa R na S nusu kwa nusu) peke yake, R peke yake, kisha rasemati iliyoongezewa R kidogo. Kilele kinachokua ndicho R. Hizo tatu ziwe za siku moja, chupa moja ya awamu tembezi.

Watu huuliza kama unaweza kukusanya vilele na kupima mzunguko wa mwanga, kwa kuwa R ya prazikwanteli inazungusha kushoto, yaani alama ya kutoa. Inawezekana, lakini piga hesabu kwanza. Kwa masharti yako kila ukidunga unapata mikrogramu 1 ya kila enantioma. Kipima mzunguko kinataka miligramu kadhaa. Hata ukiongeza mzigo hadi miligramu 0.5 kwa mara moja, unapata robo miligramu kila upande, kwa hiyo miligramu 5 ni kudunga mara 20 na zaidi, halafu ukaushe viyeyushi bila kuacha mabaki. R ya rejea ni nafuu kuliko siku hizo.

Sasa asilimia 1. Mtego wa kwanza uko kwenye mmumunyo wa kulinganishia. Andaa malighafi kwa 1.0 mg/mL. Asilimia 1 yake ni 10 µg/mL za S. Wengi wanachukua rasemati 10 µg/mL wakidhani wamefika, kumbe nusu yake tu ndiyo S, wana 5. Rasemati inatakiwa 20 µg/mL. Kwa asilimia 0.1 ni 2 µg/mL. Huu wa mwisho ndio wa kujua kama kigunduzi kinaona: kimo cha kilele kiwe angalau mara 10 ya kelele ya mstari wa msingi. Ukikosa, shuka hadi 210 nm, prazikwanteli inanyonya zaidi hapo. Lakini hapo isopropanoli nayo inaanza kunyonya, kwa hiyo iwe ya daraja la kromatografia na chupa mpya.

Mtego wa pili ni kutumia asilimia ya maeneo. Kilele cha R kwa 1.0 mg/mL ni kikubwa, kigunduzi kinaweza kushindwa kukihesabu chote kwa usahihi, na S ikaonekana kubwa kuliko ilivyo. Linganisha kilele cha S na mmumunyo wa 20 µg/mL, usikigawanye kwa R.

Mtego wa tatu ni nani anatangulia. Kama S inatoka kwanza, una bahati, inakaa kwenye mstari safi. Kama inatoka baada ya R, itapanda juu ya mkia wa R, na utengano wa 2.5 uliopimwa kwa vilele vinavyolingana hautakuwa 2.5 pale kimoja kikiwa mara 100 ya mwenzake. Jaribu hilo waziwazi: chukua R ya rejea 1.0 mg/mL, ongeza rasemati 20 µg/mL ndani yake, dunga. Toa S uliyoikuta kwenye R ya rejea peke yake, kinachobaki kilinganishe na S uliyoiongeza. Ikirudi kati ya asilimia 90 na 110 unaweza kuendelea. Isiporudi, punguza isopropanoli hadi asilimia 15, kila kitu kitachelewa na nafasi itaongezeka. Ikishindikana kabisa, hapo ndipo kubadilisha alkoholi au kwenda kwenye amilosi kunakuwa na sababu, kutafuta mpangilio unaotanguliza S.

Na dunga awamu tembezi tupu mara baada ya R nzito. Kilele cha R kinachobaki kwenye sindano kikizidi kile cha asilimia 0.1, ongeza muda wa kuosha sindano.

---

Bi Kromato alijibu:

Nyongeza moja kwa hayo: masharti ya kuruhusu kazi ya siku yaandike kabla ya kudunga malighafi. Mimi ningeweka rasemati 0.2 mg/mL mara tano, utengano usipungue 2.0, eneo la kila kilele lisitofautiane zaidi ya asilimia 2 kati ya hizo tano, na uwiano wa R kwa S uwe kati ya 49:51 na 51:49. Huo uwiano ni kipimo ambacho dawa nyingi hazikupi bure. Siku ukitoka nje ya hapo, usidunge malighafi, rudi kwenye mkia, bonde au chupa ya awamu tembezi.

---

FundiPampu alijibu:

Kolamu ikipumzika: ihifadhiwe kwenye heksani na isopropanoli 90:10, imefungwa plagi pande zote, na karatasi inayosema kilichomo na kiongezi cha mwisho kilichopita. Isiachwe kwenye isopropanoli tupu, wala mashine isirudishwe kwenye bafa bila kupitia hatua zile kwa kinyume: isopropanoli kwanza bila kolamu, kisha maji, ndipo bafa.

Kuhusu heksani yenyewe, mwili unaigeuza kuwa 2,5-heksanidioni, inayoharibu neva za mikono na miguu kwa wanaoivuta muda mrefu. Chupa ya taka iwe na kifuniko, iwe chini ya kofia ya kuvutia hewa au karibu na dirisha lenye feni ya kutoa nje, na isimwagwe kwenye sinki hata matone, mvuke wake unashika moto kwenye joto la kawaida la chumba. Ukiweza, badilisha na n-heptani kwa uwiano uleule. Inachemka nyuzi 98, kwa hiyo hata ule mchezo wa muda kupungua mchana utapungua. Thibitisha utengano upya kabla ya kuiandika kwenye njia, ingawa kwa kawaida tofauti ni ndogo.

---

Kipimo_Sahihi aliandika:

Nimeelewa. R ya rejea imeagizwa, miligramu 10. Wakati naisubiri nitapima 85:15 ya isopropanoli kwenye rasemati na kuhamia heptani kwa wakati mmoja, nione utengano unafika wapi.

---

Bi Kromato alijibu:

Usifanye yote mawili kwa wakati mmoja, mkuu. Heptani kwanza kwa 80:20, andika namba zote. Kesho yake ndiyo 85:15.